Mshono wa Nje

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Baridi ya kukata masikio. Mtaa mzima wa Mfaranyaki wanakula sikukuu, mimi nimefungua kibanda. Siyo bidii. Nyumbani shangazi Benigna alitaka nimsaidie kupukuchua mahindi.

Muhsini naye kafungua. Huyu ni fundi viatu mwenzangu, tunakaa chini ya bati moja, yeye kulia, mimi kushoto. Alitoka Tunduru akaja na mdomo wake wote. Mteja akiwa bado ng'ambo ya barabara, yeye kashamwita dada, mama, shemeji. Mimi nikimwita mteja sauti inatoka kama ya paka aliye ndani ya gunia. Kwa hiyo viatu vinaenda kwake. Kwangu wanakuja wanaouliza njia.

Leo kaja rubani! Yule mwanamke wa ndege ndogo nyeupe ya wale wanaohesabu tembo porini huko upande wa Tunduru. Kapteni Pamela. Muhsini kaanza: karibu mama, karibu Kapteni, karibu mkuu wa anga! Mimi nikaangalia chini. Kapteni kampita Muhsini, kaja kwangu. Kasema anatafuta fundi anayenyamaza. Jamani! Aibu yangu imenifaa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Katoa glavu zake. Ya kulia imefumuka kidole cha shahada na gumba. Ngozi ile sijawahi kuiona. Laini, nyembamba kama ganda la kitunguu. Akavaa ile nzima ya kushoto, akaokota sindano mezani kwangu. Sindano! Huku ananitazama mimi usoni! Mimi na vidole vitupu huwa naokota sindano kwa kulamba kidole kwanza.

Kasema nishone ilivyokuwa. Nisiongeze kitu, nisipunguze kitu. Nikimaliza atarusha ndege kuzijaribu glavu, kuna kiti kimoja kitupu, fundi atakaa hapo aione kazi yake ikiwa hewani.

Kiti! Tangu mdogo nalala chali nyuma ya nyumba kuangalia ndege zikipita. Nataka kuiona Songea kutoka juu. Mlima Matogoro, soko, hili bati letu. Sijawahi kumwambia mtu. Nikatikisa kichwa kukubali mpaka shingo ikauma.

Muhsini kasikia yote. Kanyamaza. Muhsini akinyamaza ni habari ya kutangazwa redioni.

Jioni nimezichunguza zile glavu. Nimegundua jambo kubwa. Mishono yake yote iko NJE. Kila kidole. Huko Ulaya fundi alisahau kugeuza! Kapteni wa watu anatembea na glavu kama shati la mlevi, na hakuna aliyemwambia. Mimi ndiye wa kwanza kuona.

Jumanne, 8 Julai

Sijashona bado. Nimekwenda kwanza uwanja wa ndege kupeleleza. Fundi lazima aujue mguu kabla ya kiatu.

Nimesimama kwenye uzio. Kapteni alikuwa ndani ya ndege, injini imezimwa, kafunga macho. Mkono unatembea peke yake. Unapanda kwenye swichi, unashuka kwenye mkanda, unakwenda mlangoni, unarudi chini ya kiti. Kila mara unatua palepale. Hapapasi. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi, sikutaka hata kupiga chafya.

Mzee Hironimus, zimamoto wa uwanja, akaja kuniuliza nanyemelea nini. Nikamwamkia shikamoo. Nikamwonyesha glavu. Hapo akalainika. Kasema Kapteni anafanya zoezi la moshi. Ndege ikijaa moshi macho yanaaga, inabaki mikono. Mkono ujue wenyewe mkanda unafunguka wapi, kitasa kiko wapi, mtungi wa kuzimia moto uko wapi. Glavu kazi yake kuukinga mkono usiungue. Lakini ikiwa nene inaufanya kipofu. "Mkono nao una macho, kijana," kasema. "Usiufunge kitambaa."

Maneno mazuri sana. Nimeyapenda. Sikuyafikiria zaidi.

Nikauliza mbona leo ndege hairuki. Kasema Kapteni haruki bila glavu, na hana nyingine. Wenzake wa tembo wamekaa tu wanacheza karata.

Yaani ndege nzima imesimama inanisubiri mimi! Kajetani, niliyeishia darasa la nne! Nimerudi nyumbani natembea katikati ya barabara. Bodaboda kanitukana, sikumjibu. Nisingemjibu siku yoyote, lakini leo ilikuwa kwa maringo.

Nimeamua. Mtu wa namna ile huwezi kumpa mshono mtupu. Anastahili zawadi.

Jumatano, 9 Julai

Kazi kubwa.

Kwanza nimefumua vidole vyote, vya kulia na vya kushoto. Nimegeuza mishono, sasa iko ndani, ilikotakiwa kuwa. Kwa nje vidole vimekuwa safi kama mishumaa.

Pili, uzi. Ule wa kwanza ulikuwa mwembamba, wa pamba, uzi wa kushonea vitambaa vya watoto. Nimetia nailoni yangu ya soli. Ile ukishonea kiatu, kiatu kinakufa uzi unabaki.

Tatu, nimeweka sponji viganjani, nimelikata kwenye ndala mpya. Kapteni asiumie akishika usukani. Hii nimeibuni mwenyewe.

Muhsini alikuwa anachungulia. Kasema, "Wewe Kajetani, mama wa watu kasema shona. Hakusema rekebisha." Kasema hata uzi wa pamba anao, uliopakwa nta, nichukue bure. Bure! Muhsini! Nikajua ni wivu. Nikamgeuzia mgongo. Akasema haya, mgongo wako nao una mshono wa nje. Watu wakacheka. Sijui anapata wapi maneno.

Nne, na hiki ndicho kilele. Dawa ya viatu! Nimepaka, nimesugua, nimepaka tena, nimesugua na soksi, nimepaka tena. Glavu zinang'aa. Ukizielekeza juani zinakutia machozi.

Shangazi Benigna kaziona jioni. Kasema zinang'aa kama viatu vya bwana harusi wa pili. Sikuelewa kama kasifia. Nikamwambia habari ya kiti. Akasema kesho nikipita juu atasimama uani na kanga, apunge, na majirani wote waone anapungia ndege inayomhusu.

Sina usingizi.

Alhamisi, 10 Julai

Sitaki kuandika.

Naandika.

Nimevaa shati la kanisani. Getini wamenipa kizibao cha kung'aa, nimeingia mpaka kwenye ndege. Kapteni kapokea glavu. Kaziangalia. Nadhani alijiona humo. Kauliza, polepole, nani kanituma kufanya haya.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua nitazame wapi. Kasema nipande, nikae kiti cha kulia, nifunge mkanda, nivae glavu mimi mwenyewe. Sasa fumba macho, kasema. Ndege iko chini, imejaa moshi. Toka.

Kidogo hivyo tu. Toka.

Nikashika kifungio cha mkanda. Kikateleza kama kambale. Nikashika tena, kikateleza tena. Nikajaribu kukipapasa nijue kilivyo, sikuhisi kitu isipokuwa mshono wangu mwenyewe unaonichoma ncha ya kidole. Sikujua nimeshika kifungio au nimeshika tumbo langu. Nikataka kukunja ngumi, sponji likakataa. Nikaacha mkanda, nikaenda mlangoni. Kidole hakiingii kwenye kitasa. Nikakumbuka mtungi wa moto. Pete ya pini ikaingia kwenye fundo langu la nailoni, na hapo ndipo tukafungana, mimi na mtungi. Navuta, unakuja. Nasukuma, unarudi nao mkono wangu.

Kapteni kasema, "Fundi, hapo umeshaungua. Lakini endelea tu."

Nikafumbua macho. Nje wamesimama watu wa tembo, karata mkononi, wanalia kwa kucheka. Na kwenye uzio, nani? Muhsini! Kafunga kibanda, kaja kutazama. Mzee Hironimus kafungua mlango kwa nje, kakata mkanda wa aibu yangu, yaani kabonyeza kitu kidogo tu ukafunguka, kanishusha na mtungi ukiwa unaning'inia mkononi kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

Kisha Kapteni akanipeleka mbali na ndege, pembeni kabisa, na Mzee Hironimus akasimama na ndoo ya mchanga. Akachoma kipande cha uzi wangu. Hakikuwa majivu. Kikawa tone, likadondoka linachemka. Kasema tone lile likiwa ndani ya glavu linaganda kwenye ngozi ya mtu na haliondoki. Akachoma kipande cha ngozi niliyoipaka dawa. Kikawaka kama kibatari. Nikaona haya mpaka magotini.

Na mshono wa nje? Haukuwa kosa la Ulaya. Uko nje ili ndani, kwenye ncha ya kidole, pasiwe na kitu. Ngozi tupu, ili kidole kijue hii swichi ina kifuniko na hii haina, bila kuuliza macho. Nilimsikiliza nikasahau hata kuona aibu. Anaeleza akiwa anachezesha vidole hewani, na mimi naziona swichi zenyewe, nakuapia.

Mwisho kasema kesho jioni anapiga simu Dar kwa wakubwa wake. Bila glavu hakuna kuruka, na bila kuruka kazi ya tembo inafutwa mwaka huu, wao wanafungasha. Akaniwekea mkono begani. Kasema mishono yangu imenyooka sana. Kinachopinda ni kichwa.

Shangazi alisimama uani na kanga tangu asubuhi. Majirani nao.

Ijumaa, 11 Julai

Mpango wa kwanza: kutorokea Peramiho. Kule kuna binamu yangu, analima, hakuna ndege. Nimefika kituoni, nimepanda basi dogo, nimekaa. Konda kauliza nakwenda kufanya nini huko na shati la kanisani siku ya Ijumaa. Nikashindwa kumdanganya. Nikashuka.

Mpango wa pili ni Muhsini. Uchungu wake sina la kuufananisha nao.

Nikasimama mbele ya meza yake. Anapiga msumari, hainui kichwa. Nikasema kaka, naomba unisaidie. Kasema hasikii. Nikarudia. Kasema upepo mwingi leo. Nikapandisha sauti. Kasema mama ntilie wa ng'ambo akigeuka ndiyo atajua nimesema. Nikafumba macho nikapiga kelele: KAKA MUHSINI NAOMBA UNISAIDIE! Mama ntilie kageuka na mwiko. Mbwa kabweka. Sijawahi kutoa sauti ile, sikujua ninayo.

Muhsini kacheka mpaka kakaa chini. Halafu kafungua sanduku lake, katoa ngozi ya mbuzi. Mwembamba yule mbuzi, Mungu amrehemu. Kasema mjomba wake Tunduru anawamba ngoma, alimfundisha kulainisha ngozi mpaka unaweza kuvihesabu vidole vyako kupitia humo. Ameitunza hajui ya nini. Sasa anajua.

Glavu zangu tulizifumua tukazitumia kama kigezo tu. Yeye akakata. Mimi nikapewa vidole vinne vya kushoto, uzi wa pamba, mshono wa nje. Yeye akashona mengine, na gumba hakuniruhusu hata kulitazama. Huyu mtu akishona hasemi! Nilikuwa sijui. Mkono unakwenda, mdomo umefunga, kama siyo yeye. Nilimpenda kidogo. Sitamwambia.

Mchana kaenda msikitini. Kaniachia onyo, nisiguse kitu. Nikakalia mikono yangu. Nikavumilia. Nikavumilia tena. Halafu nikaweka nyota ndogo tu kwenye kifundo cha mkono, uzi mwekundu, ndogo kabisa. Karudi, kaiona, kaifumua, wala hakunitukana. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jioni Muhsini kampigia Kapteni simu. Kasema asipige ya Dar. Glavu zipo, kesho asubuhi tunaleta.

Tunaleta. Nimeliwaza hilo neno njia nzima. Kiti ni kimoja.

Mpango wa tatu: Muhsini anaamka kwa kuchelewa siku za Jumamosi. Glavu ziko kwangu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefika getini kabla ya mlinzi kumaliza chai.

Kapteni kachoma kwanza kipande cha ngozi na uzi. Ngozi ikajikunja, uzi ukawa mweusi, haukudondosha tone. Kavaa. Kafungua na kufunga ngumi, kama mtu anayeonja mchuzi kwa vidole. Kaingia kwenye ndege, kafumba macho. Swichi, mkanda, kitasa, mtungi. Mkono unatua, unatua, unatua. Uso wake ulivyokuwa! Nilitamani ningekuwa na kamera. Halafu zamu yangu. Vaa, fumba macho, toka. Nikahisi kifungio, nikahisi hata kijifundo chake katikati. Nikabonyeza. Nikahisi kitasa. Nikatoka! Watu wa tembo wakanipigia makofi. Sikujua nifiche wapi uso, nikauficha kwenye glavu.

Kapteni kauliza nani kashona. Nikasema tumeshona. Sauti ya "tu" niliimeza.

Akalikunja gumba. Kauliza hiki kipande cha pembeni, kilichoongezwa kwenye shina la gumba, ni cha nini.

Sikujua. Nikasema urembo.

Kacheka huyo! Kamtuma Mzee Hironimus na pikipiki. Muhsini kaletwa akiwa bado na alama ya mto shavuni. Hakunitazama. Kaeleza: ukitanua gumba kushika kitu kinene, glavu isiyo na kile kipande inavuta kiganja chote, vidole vingine vinapoteza mahali pake. Kapteni kamsikiliza kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Kasema basi kiti ni cha huyu aliyejua.

Sawa. Haki ni haki. Nikakaa kwenye majani. Baridi ya majani ikapanda, sikujali. Nikaangalia chungu wanabeba bawa la mdudu. Hata bawa lina bahati, nikasema.

Muhsini kaweka mguu mmoja ndani. Kaangalia kiti. Kaangalia juu. Kaangalia kiti tena. Kashusha mguu. Kaanza kusema kwa kasi: kwamba tumbo limemchafuka, kwamba watu wa Tunduru ni watu wa barabara, hata safari iwe ya kutwa wao wanakanyaga ardhi, kwamba ngozi imefika juu inatosha si lazima na mwenyewe afike. Halafu kanijia, kaninong'oneza, mara ya kwanza namsikia akinong'ona: "Panda wewe. Na ukimwambia mtu nimeogopa, nakushona midomo."

Nikapanda.

Ndege ikakimbia, ikaacha ardhi. Na mimi nikamtazama Kapteni mikono.

Nieleze vipi? Usukani hakuukaba. Aliushika kama mtu anayemwongoza mzee kuvuka barabara. Kidole kimoja kinasukuma kitu kidogo, ndege nzima inatii. Upepo wa mlima ukatutikisa, moyo wangu ukaenda kichwani, mkono wake ukajibu kabla mimi sijaelewa kuwa tumetikiswa. Alikuwa anatazama mbele muda wote. Mkono ukienda kwenye swichi unaigusa kwanza, unaiuliza, ndipo unaiwasha. Na vidole vya kushoto ni mishono yangu. Vinne. Imenyooka.

Tukatua. Kapteni akanipa mkono bila kuvua glavu. Kupitia ngozi ile nilihisi joto la kiganja chake, naye bila shaka alihisi sugu za vidole vyangu. Kauliza, je, nimeionaje Songea.

Ndipo nikagundua. Sikutazama nje! Hata mara moja! Matogoro, soko, bati letu, vyote vilipita chini yangu, mimi nimekodolea macho gumba!

Nikasema nzuri sana, Kapteni.

Nyumbani shangazi kauliza kama nilimwona akipunga. Nikasema nilimwona vizuri. Kauliza alikuwa na kanga gani. Nikasema ile nzuri. Katosheka, kaenda kuwaambia majirani.

Jumatatu, 14 Julai

Ndege imepita alfajiri, imekwenda kwa tembo. Mimi na Muhsini tumesimama nje ya bati tumeitazama mpaka imekuwa nukta. Halafu kaanza kumwambia kila mteja kwamba yeye ni fundi wa anga. Sijambishia.

Nimekaa nimewaza mambo yote ya wiki hii. Nimeapa mbele ya Muhsini, mkono juu ya msharasi wangu wa kutobolea viatu: mteja akisema shona, nashona. Siongezi, sipunguzi. Nimekuwa mtu mwingine. Najisikia kabisa.

Saa hizi kaja Mzee Hironimus, kaleta glavu zake za zimamoto, amezivaa mikononi. Kubwa, nzito, zimepitia mengi. Kitanzi cha kuzitundikia kimekatika. Kasema nishone kitanzi tu, kesho anazifuata. Nikasema ndiyo mzee, kitanzi tu. Kaondoka na amani.

Kitanzi nimeshona. Kimemalizika.

Lakini nimemwona alivyozivua. Alihangaika! Alivuta kidole kimoja kimoja, mzee wa watu. Zingekuwa na zipu hapa ubavuni, angezivua mara moja. Na zipu ninayo, ndefu, ya rangi ya dhahabu, ilibaki kwenye begi la bibi harusi.

Muhsini kaenda kunywa chai.